Bafu moja, watu watano: kukarabati wenyewe bila kuhama nyumba

Nyumba ni ya vyumba vitatu, Dar es Salaam, imejengwa kwa tofali za saruji za inchi 6, na ina bafu moja tu lenye choo humohumo. Wanaoishi ni watano: baba na mama wanaofanya kazi ya ajira, watoto wawili wa shule, na bibi mwenye goti bovu. Bafu lina upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 2.4. Tatizo lilijitokeza upande wa pili wa ukuta, chumbani kwa watoto: rangi inabanduka kuanzia sakafuni hadi sentimita 60 kwenda juu, plasta inamomonyoka ukiigusa, na unga mweupe wa chumvi unarudi kila baada ya kufutwa. Ukuta ulikuwa umeshapigwa rangi ya mafuta mara mbili ili kuficha hali hiyo, na kila mara ulirudi kuwa mbaya zaidi, kwa sababu rangi ya mafuta inayafungia maji ndani ya tofali na kuyapandisha juu.

Wenye nyumba waliamua kazi waifanye wenyewe jioni na mwisho wa wiki, bila kupanga nyumba nyingine. Kisa hiki kinafaa kuchambuliwa kwa undani kwa sababu ugumu wake haukuwa kujenga. Ugumu ulikuwa kwamba watu watano hawawezi kukaa hata usiku mmoja bila choo, na saruji haikauki haraka kwa sababu familia inasubiri.

Kutafuta chanzo kabla ya kushika nyundo

Ukuta wenye unyevu nyuma ya bafu una watuhumiwa watatu: bomba la maji safi ndani ya ukuta, bomba la maji machafu chini ya sakafu, au sakafu yenyewe inayopitisha maji. Ukivunja bila kujua ni yupi, utabadilisha marumaru na kuacha kidonda.

Bomba la maji safi lilipimwa kwanza. Usiku, watu wote wakiwa wamelala, koki ya maji yanayoingia kwenye tangi ilifungwa, boya likabaki bila kazi, na alama ya chaki ikapigwa kwenye kina cha maji ndani ya tangi. Tangi la lita 1,000 lenye kipenyo cha karibu mita 1.1 hupoteza takriban lita 9 kwa kila sentimita inayoshuka, hivyo hata uvujaji mdogo unaonekana asubuhi. Maji hayakushuka. Bomba la maji safi likaondolewa kwenye orodha.

Kisha bafu liliachwa kavu siku tatu, watu wakiogea nje kwa ndoo, ila choo kikaendelea kutumika. Ukuta wa chumbani ulianza kupauka, kwa hiyo bomba la choo nalo halikuhusika. Mwisho tundu la maji sakafuni lilizibwa, na maji ya kina cha sentimita 3 yakaachwa sakafuni usiku kucha. Kesho yake jioni ukuta ulikuwa umelowa tena. Kwa kuwa tundu lilikuwa limezibwa, maji yalipita kwenye sakafu. Baadaye, baada ya kuvunja, ilionekana kwamba marumaru za zamani zililazwa juu ya sakafu ya saruji tupu bila dawa yoyote ya kuzuia maji, na kiungo cha trapu (kona ya bomba inayobakiza maji ili harufu isipande) kilikuwa kimepasuka pia. Grauti, ile inayojaza mistari kati ya marumaru, pekee haizuii maji, na huku kwetu nyumba nyingi zimejengwa hivyo.

Hesabu ya siku ndiyo iliyoamua kila kitu

Mpango wa kwanza wa familia ulikuwa wa kumaliza ndani ya mwisho wa wiki mmoja mrefu, choo kikirudishwa kila jioni. Hauwezekani, na inafaa kuona kwa nini. Sakafu mpya na plasta vinahitaji kumwagiliwa siku 7. Dawa ya kuzuia maji inapakwa mara mbili, siku mbili tofauti, kisha inaachwa siku 3 kabla ya kujaribiwa kwa maji saa 24. Gundi ya marumaru inataka saa 24 kabla ya grauti, grauti saa 24, silikoni saa 24 nyingine. Ukiweka na siku za kuvunja, za mabomba na za kulaza marumaru, unafika wiki tatu na nusu. Choo cha kukaa kinafungwa juu ya marumaru zilizokamilika, si kabla.

Anayeishi ndani ya nyumba anashawishika kukata siku hizi. Anamwagilia sakafu siku mbili badala ya saba, anaruka jaribio la maji, anaoga juu ya silikoni mbichi. Makosa mengi ya bafu lililokarabatiwa na wenye nyumba yanatokea hapo, na si kwenye ufundi wa mkono. Kwa hiyo kazi ya kwanza iwe kuondoa shinikizo: kabla ya kubandua marumaru hata moja, jenga choo kingine.

Choo cha nje

Mita 2.5 kutoka ukuta wa nyuma kulikuwa na chemba inayopokea maji machafu kabla hayajafika shimoni. Hapo ndipo choo cha nje kiliunganishwa: sinki la kuchuchumaa lenye trapu yake, bomba la PVC la inchi 4, na mteremko wa 1 kwa 40, yaani bomba linashuka zaidi kidogo ya sentimita 6 katika mita hizo 2.5. Mteremko ukiwa mdogo mno uchafu unabaki. Ukiwa mkali sana maji yanakimbia na kuuacha uchafu nyuma. Trapu isikosekane. Wako wanaounganisha sinki moja kwa moja na bomba kwa kuwa "ni la muda tu", halafu harufu na mende wa shimoni wanaingia mle ndani siku hiyohiyo.

Jamvi, yaani zege la chini, lilikuwa la mita 1.2 kwa 1.6, unene wa sentimita 10, zege la ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto. Inakula kilo 60 hivi za saruji. Sakafu ilielekezwa kwenye sinki ili papo hapo pawe pa kuogea. Kuta ni mabati ya geji 30 juu ya mbao za 2 kwa 2. Zege liliachwa siku tatu likimwagiliwa kabla ya mtu kulikanyaga kwa matumizi.

Kwa bibi, choo cha kuchuchumaa hakikufaa kabisa. Kilitengenezwa kiti cha mbao chenye tundu, kimo cha sentimita 42, kikasimamishwa juu ya sinki, na upau wa kushikia ukafungwa kwenye nguzo ya kulia. Taa ya sola iliwekwa njiani na nyingine mlangoni, na njia ikatandikwa kokoto ili asiteleze usiku. Mambo haya yanaonekana madogo kwenye karatasi ya mpango. Mzee akianguka usiku akielekea choo cha nje, ukarabati wote umesimama.

Kazi ilipangwa Juni, baada ya masika. Wakati wa mvua maji ya ardhini hupanda, shimo hujaa, na chemba inaweza kurudisha maji kwenye choo cha nje ambacho kiko chini kuliko cha ndani.

Maji ya jikoni yasikatwe

Nyumba nyingi zina koki moja tu, ile ya kwenye tangi. Ukitoa bomba moja bafuni, inabidi uifunge, na jikoni nako hakuna maji. Kwa hiyo kabla ya kuvunja, tawi la bafu lilikatwa mahali linapoachana na la jikoni na kufungwa koki yake. Ni kazi ya saa moja, na inafanya wiki tatu zinazofuata zivumilike. Koki iwe ile ya mpini wa robo mzunguko. Koki za kuzungusha mara nyingi, zikikaa miaka, mara nyingi hazifungi tena sawasawa.

Kuvunja

Umeme wa bafu ulizimwa kwenye sakiti breka yake na kuhakikishwa kwa testa, kwa sababu waya wa hita unashuka ndani ya plasta wima kutoka juu, palepale tindo linapopita. Kazi ya umeme yenyewe iliachiwa fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Hita ya kilowati 5.5 inavuta ampea 24 kwa volti 230, inahitaji waya wa milimita 4 za mraba, waya wa ardhi unaofanya kazi kweli, na kifaa cha miliampea 30 kinachokata umeme unapovuja. Hapo mwenye nyumba asijaribu.

Vumbi la marumaru na saruji lina silika, nalo linaingia mapafuni na halitoki. Barakoa ya N95 ndiyo inayofaa. Kitambaa na barakoa za hospitali hazizuii chembe hizo. Ukuta ulinyunyiziwa maji kila baada ya dakika chache, grenda haikutumika ndani bila maji, na mlango wa bafu ulifunikwa kwa nailoni nzito ya vipande viwili vinavyopishana sentimita 30, chini pakawekwa shuka lililoloweshwa. Dirisha la bafu liliachwa wazi ili vumbi litoke nje, si koridoni. Watoto walihamishiwa chumba cha mbele kwa sababu ukuta wao ulikuwa unapigwa nyundo.

Kifusi kinashangaza watu. Sakafu ya zamani, marumaru pamoja na saruji yake, ilikuwa na unene wa sentimita 7: mita za mraba 3.6 zinatoa zaidi ya nusu tani. Kuta zilikuwa na marumaru hadi mita 1.5, kiasi cha mita za mraba 10.6, na pamoja na plasta ni kilo 600 na ushei. Jumla ni takriban tani 1.2, yaani viroba 48 vya kilo 25. Kiroba cha mchele kikijazwa kifusi mpaka juu hakibebeki, na mgongo unaumia siku ya kwanza. Jaza theluthi moja.

Bomba la choo lilifungwa kwa kifuniko chake cha PVC cha inchi 4 mara tu sinki lilipoondolewa. Kuziba kwa matambara ni hatari: tambara likisukumwa ndani na kipande cha kifusi, unalitafuta kwenye chemba.

Mabomba

Bomba la maji safi lilikuwa zima, lakini ukuta ukiwa wazi ni afadhali kulibadilisha kuliko kurudi baada ya miaka mitano. Yaliwekwa ya PPR, plastiki inayounganishwa kwa joto, ya milimita 20. Mashine ya kuunganishia inafikishwa nyuzi joto 260, bomba na kiungo vinapashwa sekunde 5, vinaunganishwa ndani ya sekunde 4 bila kuzungusha, na havisogezwi kwa dakika 2. Bomba linaingia milimita 14 tu. Piga alama kwa kalamu. Ukipasha zaidi au ukasukuma zaidi, plastiki inajikunja ndani na kuziba nusu ya njia, na shawa itatoa maji dhaifu bila mtu kujua sababu. Mashine ikipoa katikati kwa umeme kukatika, kata kiungo hicho na uanze kingine.

Kuna mtego katika kujaribu mabomba kwa maji ya tangi. Tangi lililo juu mita 3 linatoa msukumo wa baa 0.3 tu, na kiungo kibovu kinaweza kushikilia kwa msukumo huo, kisha kivuje siku pampu itakapofungwa. Pampu ya mkono ya kujaribia hukodishwa. Mabomba yalipandishwa hadi baa 10 na kuachwa saa moja. Mshale haukushuka, ndipo plasta ikaruhusiwa.

Kwenye viungo vya shaba vya kukazwa kwa nyuzi, tredi tepu (utepe mwembamba wa kuzuia uvujaji) ilizungushwa mara 10 hadi 12 kufuata mwelekeo wa kukaza. Usikaze kwa nguvu zote, kwani shaba iliyoshikwa na PPR hupasua plastiki polepole.

Trapu mpya ya sakafuni iliwekwa na bomba la inchi 2, mteremko uleule wa 1 kwa 40.

Sakafu na dawa ya kuzuia maji

Hapa ndipo penye moyo wa kisa, na pasikimbizwe.

Jamvi lilisuguliwa, likaloweshwa, likapakwa uji wa saruji, na sakafu ikapigwa juu yake kabla uji haujakauka. Mchanganyiko ni saruji 1 kwa mchanga 3. Mteremko ni sentimita 1.5 kwa kila mita kuelekea kwenye trapu. Kona ya mbali iko mita 2, kwa hiyo unene ni sentimita 2.5 penye trapu na 5.5 pale konani, wastani 4. Hiyo ni kilo 67 za saruji na ndoo 7 za lita 20 za mchanga. Mlangoni, mita moja kutoka trapu, sakafu ina sentimita 4. Gundi na marumaru zinaongeza 1.5, jumla 5.5. Sakafu ya zamani ilikuwa 7, sawa na korido, na sasa bafu liko sentimita 1.5 chini. Ndiyo maana kulaza marumaru mpya juu ya zile za zamani, jambo linaloonekana kuokoa siku tano, lisingefaa: bafu lingekuwa juu ya korido na maji yangetoka mlangoni.

Plasta ya chini ilipigwa siku hiyohiyo, 1 kwa 4, unene wa sentimita 1.5, kiasi cha kilo 60. Ukijumlisha na jamvi la nje, saruji yote haifiki kilo 190. Mifuko minne inatosha. Inunuliwe kwa awamu na ikae juu ya mbao, maana katika unyevu wa pwani mfuko uliokaa mwezi una mabonge. Mchanga uwe wa mto. Wa baharini unaleta chumvi ileile iliyokuwa inatoka ukutani.

Plasta ya juu, kuanzia mita 1.5, ilikuwa nzima lakini imepakwa rangi. Rangi ilikwanguliwa yote na ukuta ukachimbwachimbwa kwa ncha ya nyundo, kwa kuwa marumaru mpya zinafika mita 2.1 na gundi inayoshika rangi itaanguka pamoja na rangi.

Baada ya siku 7 za kumwagilia, pembe zote na shingo ya trapu zilibandikwa wavu wa fiba na kupakwa dawa ya saruji ya kuzuia maji, ile ya unga na maji yake meupe kama maziwa. Ilipakwa sakafu nzima, sentimita 30 kuzunguka kuta, na mita 1.8 kwenye pembe ya kuogea: jumla mita za mraba 9.5. Kwa kilo 3 kwa kila mita, mikono miwili pamoja, zinahitajika kilo 28 na nusu. Mkono wa pili unapakwa kukata wa kwanza, ili tundu la brashi lisibaki. Aina hii inashika vizuri juu ya saruji yenye unyevunyevu, faida kubwa kwa anayeishi humo, tofauti na nyingi za lami zinazotaka sakafu kavu na zinazotoa harufu nyumba nzima.

Siku tatu baadaye trapu ilizibwa, maji ya sentimita 3 yakajazwa na alama ikapigwa kwa penseli. Saa 24 zilipita, maji hayakushuka chini ya alama zaidi ya yale yanayokaushwa na hewa, na ukuta wa chumbani haukulowa. Jaribio hili likishindwa, unapaka tena kwa gharama ya dawa tu. Ukilifanya baada ya marumaru, unavunja.

Marumaru

Za ukutani zilikuwa sentimita 25 kwa 40. Mzunguko wa mita 7.8 kwa kimo cha 2.1, ukitoa mlango na kipande cha dirisha, ni mita za mraba 14.6, na ukiongeza asilimia 10 ya kuvunjika ni marumaru 161. Za sakafuni, 30 kwa 30, ni 40 kamili, lakini mteremko unaleta vipande vingi, hivyo zikanunuliwa 46. Zote ziwe za toleo moja, soma namba kwenye boksi. Gundi ni mifuko 5 ya kilo 20, grauti kilo 5.

Safu ya kwanza ukutani ilianzia ya pili kutoka chini, juu ya ubao ulionyooshwa kwa pima maji, na ya chini ikakatwa mwisho kufuata mteremko wa sakafu. Gundi ipakwe kwa mwiko wenye meno; mabonge matano nyuma ya marumaru, kama mafundi wengi wanavyofanya kwa saruji, yanaacha mapango ambamo maji hukaa na marumaru hupasuka ikigongwa. Kila baada ya chache, bandua moja uone kama mgongo wote umelowa gundi.

Maji ya kuoshea vyombo vya gundi na grauti hayakumwagwa kwenye trapu wala choo cha nje. Yaliachwa kwenye ndoo usiku, maji yakamwagwa bustanini na tope likatupwa na kifusi. Uji wa saruji ukiingia bombani unaganda palepale kwenye kona.

Pembe za ndani, na pale ukuta unapokutana na sakafu, hazikuwekwa grauti bali silikoni, kwa sababu kuta na sakafu husogea tofauti na grauti hapo hupasuka ndani ya miezi.

Choo kurudi ndani

Umbali wa tundu la choo hupimwa kutoka kwenye uso wa marumaru, si kwenye tofali. Atakayepima ukuta ukiwa uchi ataongeza baadaye plasta, gundi na marumaru, sentimita 3 hivi, na choo kilichonunuliwa hakitakaa. Kwa choo kinachotoka ukutani, kimo cha tundu, mara nyingi sentimita 18, nacho ni kutoka sakafu iliyokamilika. Kilifungwa kwa kiungo cha mpira na bolti zilizokazwa kwa zamu, robo mzunguko kila upande, na kuzunguka miguu pakapakwa silikoni. Kukizika kwenye saruji, kama ilivyozoeleka, maana yake ni kukivunja siku bomba litakapoziba.

Choo cha nje hakikubomolewa. Kiti cha bibi tu ndicho kilichoondolewa.

Ukuta wa watoto

Chumbani, plasta iliyoharibika ilibanduliwa hadi mita 1, sentimita 40 juu ya alama ya unyevu, kwa sababu chumvi huwa imeshapanda kuliko jicho linavyoona. Tofali zilisuguliwa kwa brashi kavu, chumvi ikafagiliwa na kutolewa nje. Kuziosha kwa maji kungeirudisha ndani. Kisha ukuta uliachwa wazi. Kwa kanuni inayotumiwa na wajenzi, inchi moja ya unene hukauka kwa takriban mwezi mmoja, na tofali la inchi 6 lina safari ndefu, ingawa dirisha lililofunguliwa na feni husaidia.

Njia ya kujua ni rahisi. Kipande cha nailoni angavu, sentimita 40 kwa 40, kinabandikwa kwa tepu ya karatasi pande zote nne na kuachwa siku mbili. Matone yakionekana ndani, bado. Nailoni ikiwa kavu sehemu tatu tofauti, ikiwamo ile ya karibu na sakafu, piga plasta ya 1 kwa 5, iache wiki nne, kisha upake rangi ya maji na si ya mafuta.